Shuka Juu ya Kabichi

Kinyozi alipiga chafya mara moja tu. Lilikuwa kosa kubwa.

"Nimekusikia!" sauti ya mama yake ikatoka jikoni. "Kaa hapo hapo, usiondoke!"

Kinyozi alikuwa kazini. Mteja alikaa kwenye kiti mbele ya kioo, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Mama, ni nywele tu zimeniingia puani," Kinyozi alijitetea.

"Hakuna cha nywele. Mafua hayo. Fungua mdomo."

Mama yake, ambaye kila mtu alimwita Bibi, alisimama mlangoni na chupa mkono mmoja, kijiko mkono wa pili. Ndani ya chupa kulikuwa na vitunguu saumu, tangawizi, ndimu, asali na pilipili nyingi. Kinyozi alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Lakini mbele ya kijiko cha mama yake alifungua mdomo kama kinda la ndege. Akameza. Macho yakamtoka. Machozi yakamtiririka mpaka kidevuni.

Mteja akaanza kucheka. Kicheko kikampalia, akakohoa.

Bibi akamgeukia. "Na wewe pia?"

"Mimi? Mimi mzima kabisa, Bibi! Sijaumwa tangu nizaliwe!"

Hivyo ndivyo miezi ya baridi ilivyoanza katika nyumba ile. Ilikuwa nyumba ya mawe, juu mlimani, kando ya barabara. Chumba cha mbele kilikuwa cha kunyolea. Chumba kilichofuata kilikuwa na cherehani ya mke wa Kinyozi, pamoja na vipande vya nguo kila mahali. Watu walimwita Mama Chiriku. Binti yake mkubwa ndiye aliyempa jina hilo. Mtoto yule alianza kusema anapofumbua macho, na alinyamaza usingizi unapomkamata katikati ya neno. Mdogo wake wa kiume alikuwa na miezi minane. Kwa mashavu yale, hakuna aliyemwita jina jingine ila Kibonge.

Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ndogo kwenye mteremko. Kila mwaka Bibi alipanda. Kila mwaka baridi iliua. Usiku mmoja tu sakitu ingeshuka, ile barafu nyembamba nyeupe inayokaa juu ya majani. Asubuhi mimea yote ingekuwa imelegea na kuwa myeusi. Baada ya hapo familia ilikula mboga kutoka bondeni. Zilisafiri kwa lori, zikafika zimenyauka, zimechoka kuliko dereva aliyezileta.

Jirani yao alikuwa mama mmoja mwenye kicheko cha kusikika mbali. Alifanya kazi ya uuguzi katika zahanati kwa miaka mingi. Alikuwa amestaafu, lakini kila mtu bado alimwita Sista. Bustani yake ilikuwa kichekesho cha mtaa. Jua likikaribia kuzama, alitoka na mashuka makuukuu na kufunika mboga zake.

"Sista anawalaza kabichi," Kinyozi aliwaambia wateja. "Nasikia huwaimbia kwanza, halafu anawauliza kama wamekojoa."

Sista aliyasikia. Alicheka kuliko wote.

"Cheka tu, baba," alisema juu ya ua. "Sakitu ikishuka, tutaona nani atakula na nani atasimulia."

Sakitu ikashuka wiki hiyo hiyo.

Bibi alifungua mlango wa nyuma asubuhi, akasimama pale pale. Maharage yalikuwa yameungua. Nyanya zilikuwa zimelala chini. Alishika jani moja, nalo likamvunjikia mkononi.

"Basi," alisema. "Mlima huu haunipendi."

Lakini hakupata muda wa kuhuzunikia nyanya. Ndani, Kibonge alikuwa anakohoa.

Kikohozi kilianza kidogo. Siku iliyofuata kilikuwa kizito. Mchana Mama Chiriku alimpakata mwanawe na kumpa ziwa. Mtoto alivuta mara moja, akaliacha, akalia kwa sauti ndogo.

"Mama, hataki kunyonya," alimwambia mama mkwe wake. "Kibonge huyu, anayenyonya mpaka usingizini!"

"Baridi imemwingia kifuani," Bibi alisema. "Niachie mimi."

Bibi aliingiza jiko la mkaa chumbani. Alifunga dirisha. Alisokomeza kitambaa chini ya mlango ili upepo usipite. Kisha alichukua kikombe, akamimina asali, akakamulia ndimu.

"Chiriku!" aliita. "Kimbia kwa Sista. Mwambie Bibi anaomba majani ya nanaa."

Mtu mwingine angesema hayo tu na kunyamaza. Lakini huyu alikuwa Chiriku.

"Sista shikamoo, Bibi anaomba nanaa, Kibonge anakohoa, hataki kunyonya, tumbo lake linapanda na kushuka haraka haraka, Bibi anataka kumpa asali, na chumbani kuna jiko na dirisha limefungwa, mpaka mimi kichwa kinaniuma, na nyanya zetu zimekufa zote, na..."

Sista hakungoja mwisho. Ndoo ya maji ilimtoka mkononi. Alikimbia, kanga begani, kiatu kimoja mguuni na kingine njiani.

Alipoingia hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akalifungua. Akachukua jiko kwa vitambaa viwili, akalitoa nje.

"We mwanamke!" Bibi aling'aka. "Unamwingizia mjukuu wangu baridi?"

"Ninamwingizia hewa, mwenzangu. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, hutoa hewa yenye sumu. Huioni wala huinusi. Watu hulala nayo wasiamke. Kichwa cha Chiriku kimeanza kuuma kwa sababu hiyo." Akatazama kikombe. "Amepewa asali?"

"Bado. Ndiyo kwanza naichanganya."

Sista akashusha pumzi. "Afadhali. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali. Hata tone la kulamba. Asali inaweza kuwa na vijidudu. Tumbo la mtu mzima linavishinda. Tumbo la mtoto mchanga haliviwezi. Vinaweza kumlegeza mwili mpaka ashindwe kupumua."

Bibi aliweka kikombe chini taratibu.

Sista alimfunua Kibonge shati. Akamwambia Mama Chiriku amtulize begani. Wote wakatazama kifua kile kidogo.

"Kinyozi!" Sista aliita. "Tazama saa yako ukutani. Niambie dakika moja ikitimia."

Sista akahesabu pumzi kimoyomoyo. Hata Chiriku alinyamaza.

"Tayari!"

"Amezidi hamsini," Sista alisema. "Mtoto wa umri huu akifika pumzi hamsini kwa dakika, huko ni kupumua haraka mno. Na hapa tazameni. Akivuta pumzi, chini ya mbavu panabonyea. Tena hanyonyi. Hii si kazi ya kikombe wala ya chupa. Twendeni zahanati sasa hivi."

Kwenye kiti cha kunyolea alikaa dereva wa lori la mboga. Povu lilikuwa limemjaa kidevuni. Aliruka na taulo shingoni.

"Lori langu liko nje. Pandeni!"

Walipofika zahanati, tabibu alimwona kwanza dereva, na povu lake usoni.

"Huyu ana nini? Kifafa?"

"Ana ndevu," Sista alijibu. "Mgonjwa ni huyu mdogo."

Tabibu alimpima Kibonge. Aliweka mashine yake ya kusikilizia mgongoni, kisha kifuani.

"Ni nimonia," alisema. "Wengine huita kichomi. Lakini mmewahi. Mngengoja siku nyingine, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Tutamlaza. Atapata sindano, na tutamwangalia."

Mama Chiriku alilia bila sauti. Kinyozi alimshika bega. Bibi alikaa kwenye benchi la nje, mikono mapajani, akitazama vidole vyake.

Siku ya pili Kibonge alifungua macho, akamtazama mama yake, akanyoosha mkono na kuvuta hereni kwa nguvu zote.

"Yalaa, sikio langu!" Mama Chiriku alipiga kelele. Kisha akaangua kicheko, machozi bado yako shavuni. "Vuta, baba! Vuta yote, ling'oe!"

Baadaye akampa ziwa. Kibonge akanyonya kama mtu aliyedhulumiwa chakula. Haikupita muda wakaruhusiwa kurudi nyumbani, na dawa za kumalizia. Tabibu aliwaonya wasiziache njiani hata mtoto akionekana mzima.

Nyumba nzima ilifurahi, isipokuwa mtu mmoja. Bibi alimwaga chupa yake yote nyuma ya nyumba. Akakaa kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Kinyozi alipiga chafya tatu makusudi, karibu kabisa na mlango wake. Bibi hakutoka. Hapo Kinyozi akajua hali ni mbaya kweli.

Sista aliposikia, alikuja na furushi la mashuka makuukuu. Alilitupa kitandani.

"Mwenzangu, amka. Nina kazi na wewe."

"Kazi gani? Mimi nilitaka kumuua mjukuu wangu."

"Ulitaka kumponya. Ulikosa kujua. Na sasa unajua."

"Dawa zangu zote ni bure."

"Nani kasema?" Sista alikaa kitandani bila kukaribishwa. "Tangawizi yako nzuri. Ndimu nzuri. Hata asali ni nzuri, kwa mtu aliyepita mwaka mmoja. Kijiko kimoja ndani ya maji ya uvuguvugu hutuliza koo linalowasha. Mtu mzima asukutue koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ateme. Anywe supu, anywe maji, apumzike. Mafua ya kawaida huisha yenyewe. Dawa za nyumbani hazifukuzi mafua. Zinampa mgonjwa nafuu wakati anangoja."

Bibi aligeuka kidogo. "Yanaisha yenyewe?"

"Yenyewe."

"Kwa hiyo miaka yote hii nimejisifu bure?"

"Bure kabisa."

Midomo ya Bibi ilianza kucheza. "Na pilipili je?"

"Pilipili yako haiponyi mafua. Inamfanya mgonjwa ayasahau, maana amepata taabu kubwa zaidi."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kinyozi, aliyekuwa ametega sikio mlangoni, alinyanyua mikono juu kama mfungwa aliyeachiwa huru.

"Na mtoto mchanga akiwa na mafua, nimpe nini?" Bibi aliuliza, sasa amekaa vizuri.

"Maziwa ya mama, mara nyingi. Mfute pua kwa kitambaa laini. Mvishe nguo za joto, lakini chumba kipate hewa. Na mwangalie. Akipumua haraka, kifua kikibonyea, akikataa kunyonya, akilegea au akishtuka kwa degedege, usitengeneze kitu. Mbebe, nenda zahanati. Na hata mtu mzima: kikohozi kikipita wiki mbili, au akikohoa damu, asikae nyumbani kunywa tangawizi."

Bibi alirudia maneno yale polepole kwa vidole vyake, kama mtu anayehesabu watoto wake. Kisha akashika furushi.

"Haya mashuka ni ya nini?"

"Ya mboga zako."

"Zilishakufa."

"Zilizokufa ni nyanya na maharage. Hayo hayapendi baridi hata kidogo. Mimi nina miche kwenye kitalu. Kabichi, spinachi, vitunguu. Hiyo ni mimea migumu. Ukiisaidia kidogo, inapita baridi yote."

Kesho yake, jua lilipopanda, wote walikuwa bustanini. Kinyozi alifunga duka. Alitundika kibao mlangoni: LEO NANYOA MAGUGU.

Walianza na matuta. Sista aliwataka wayapitishe kukata mteremko, yasielekee chini, ili mvua isiondoke na udongo. Walichanganya samadi iliyooza vizuri.

"Mbichi huunguza mizizi," Sista alisema. "Na harufu yake itakufukuzia wateja, Kinyozi."

Walipanda miche. Wakatandaza majani makavu juu ya udongo, mazito kama godoro, lakini wakaacha nafasi kidogo kuzunguka kila shina lisioze. Kinyozi alikata fito, akazipinda kama upinde, akazichomeka huku na huku ya kila tuta.

"Za nini?" Chiriku aliuliza.

"Shuka isiguse majani," Sista alijibu. "Ikigusa, baridi itapita mpaka kwenye jani. Ikikaa juu yake kama paa, hewa ya katikati inakuwa na joto."

"Joto linatoka wapi, na hakuna jiko?"

"Swali zuri sana. Linatoka ardhini. Mchana kutwa jua linapasha udongo joto. Usiku joto lile linapanda na kupotea angani. Shuka inalizuia. Ndiyo maana unafunika kabla jua halijazama, wakati joto bado lipo. Ukingoja giza, unafunika baridi."

"Na maji?" Bibi aliuliza.

"Mwagilia asubuhi, jua likishatoka. Udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu. Jioni usilowanishe majani."

Mama Chiriku alikuwa ameinama juu ya mashuka. Yalikuwa mafupi, tena yenye matundu. Aliyakusanya, akaingia ndani. Cherehani ikaanza kuunguruma. Alipotoka alikuwa na kifuniko kimoja kirefu, chenye viraka vya maua, vya mistari na vya rangi ya machungwa. Pembeni alikuwa ameshona mfuko mwembamba wa kutia mchanga, ili upepo usikinyanyue.

Sista alikishika, akakigeuza huku na huku.

"Miaka yote nabeba mawe ya kukandamiza mashuka," alisema. "Sikuwahi kufikiria mchanga. Nishonee na mimi, mwanangu."

Upande wa mimea yake ya dawa Bibi alifanya kazi peke yake. Mchaichai hauvumilii sakitu, kwa hiyo shina lililobaki hai alilihamishia kwenye ndoo kuukuu yenye matundu chini, akaiweka chini ya paa kwenye ukuta unaopigwa na jua. Ukuta wa mawe hupata joto mchana, na usiku hulitoa kidogo kidogo. Kitunguu saumu alikipanda kwenye tuta. Tangawizi aliitia kwenye mkebe karibu na dirisha la jikoni.

Siku chache baadaye sakitu nzito ilishuka. Asubuhi mlima wote ulikuwa mweupe. Familia ilisimama mbele ya kifuniko cha viraka. Kilikuwa kimekakamaa kwa barafu.

"Nifunue?" Kinyozi aliuliza.

"Ngoja jua liyeyushe kwanza," Bibi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kazi yake.

Wakangoja. Chai ikaletwa hapo hapo. Jua lilipofika, maji yalianza kudondoka kwenye kitambaa. Bibi alishika pembe moja, Mama Chiriku nyingine. Wakafunua.

Kabichi zilikuwa kijani. Spinachi zilisimama wima, kila jani na uhai wake.

Kinyozi alirusha kofia yake juu, ikaangukia bustani ya Sista. Akacheza pale matopeni na taulo la kazi begani. Chiriku akamwiga. Sista alitoa kichwa juu ya ua, na kofia ya Kinyozi kichwani.

"Vipi, baba? Zimekojoa?"

Sasa ikawa zamu ya Kinyozi kuchekwa. Wateja walikuja kunyolewa na swali moja mdomoni. "Kabichi zimeamkaje leo?"

"Zimeamka salama," alijibu bila aibu. "Zinakusalimu, na zinasema nywele zako zimekuwa ndefu."

Lakini wakishanyolewa, wengi walizunguka nyuma ya nyumba kutazama. Bibi aliwaonyesha fito na majani makavu. Kabla baridi haijakwisha, mashuka yalionekana katika bustani nyingi za mtaa. Jioni mlima ulionekana kama umeanika nguo.

Watu waliendelea pia kumwendea Bibi kwa kikohozi. Aliwapa maji ya tangawizi na ndimu, bila pilipili. Lakini kwanza aliwauliza mgonjwa ana umri gani, anaumwa tangu lini, anapumuaje. Siku moja mama kijana alifika na mtoto mchanga mgongoni, akaomba asali. Bibi alimfunua mtoto kifua. Alitazama kwa makini, kisha akachukua kanga yake.

"Asali sikupi," alisema. "Nakusindikiza zahanati. Njiani nitakwambia kwa nini."

Tabibu alipomwona akifika na mgonjwa wa tatu mwezi ule, alimwomba kitu. Siku ya kliniki ya watoto, Bibi awe anakaa na akina mama kwenye benchi na kuwaeleza ya kwake. Bibi alivaa nguo yake nzuri kuliko zote. Aliwaeleza kila kitu, hata jiko na kikombe, hakujificha. Akina mama walisikiliza kuliko walivyowahi kusikiliza bango lolote la ukutani.

Baridi ilipoanza kulegea, familia ilikula supu ya mboga zao wenyewe. Karoti walipata kwa Sista, naye akapata spinachi kwao. Mafua yaliwapitia, kama yanavyopitia kila nyumba, na yakaenda zake.

Mchana mmoja wa jua zuri, Bibi alikuwa anavuna. Kibonge aliketi pembeni kwenye mkeka, mashavu yamerudi mahali pake. Akashika ukingo wa ndoo. Akasimama. Akaiachia ndoo.

"Mama Chiriku!" Bibi alinong'ona. "Njoo! Njoo polepole, usimshtue!"

Kibonge alipiga hatua. Akayumba, akapiga nyingine. Kinyozi alikuja mbio na wembe mkononi, mteja nyuma yake na shuka ya kunyolea shingoni. Hatua nyingine. Mtoto akafika kwenye tuta, akainua mikono yote miwili, na akakaa kwa kishindo juu ya kabichi kubwa kuliko zote.

Kabichi ikapasuka. Kibonge akapiga makofi.

"Kabichi ya Bibi!" Chiriku alipiga kelele.

"Mwacheni," Bibi alisema, huku anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwacheni akae. Nitapanda nyingine."